Tumeoana, bado tunapanga: kodi ya miezi sita, LUKU ya kushea na bima, wenzetu mnapangaje?

#1 Bi_Segerea

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mnisaidie kabla mimi na mume wangu hatujanuniana mwezi mwingine.

Ndoa yetu ina mwaka na kidogo. Tunapanga Segerea: chumba, sebule, jiko na choo cha ndani, 250,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, hana shida na mtu, ila anapokea ya miezi sita tu, tena kwa mkupuo. Mimi nimeajiriwa, nikishakatwa kila kitu nabaki na 680,000. Mume wangu ana fremu ya vifaa vya umeme Buguruni. Mwezi ukikaa vizuri anatoa hata laki nane, mvua zikipiga anaweza kurudi na laki tatu. Mtoto bado, labda mwakani Mungu akipenda.

Kinachotuchosha ni vile vitu vidogo, kila kimoja kinakuja na siku yake. LUKU tunashea mita na familia nyingine mbili, kila familia inatoa 20,000 mwanzo wa mwezi, na tarehe 25 haifiki watu hawajaanza kuangaliana vibaya. Bili ya Dawasa inakuja moja, tunagawana kwa vichwa. Taka 5,000, ulinzi shirikishi 3,000, mtungi wa gesi wa kilo 15, king'amuzi, bando. Halafu tarehe ya kodi ikikaribia ndiyo mbio za kukopa zinaanza, na mikopo ya kwenye simu mnaijua.

Sasa wiki hii kazini kwetu kapita ajenti wa bima, anauza bima ya vitu vya ndani, anasema hata mpangaji anaruhusiwa kukata. Mimi nimeipenda. Mume wangu anasema bima ni kumlipa mtu akuombee mabaya, bora hela iongeze mzigo dukani. Na yeye mwenyewe hana hata bima ya afya, akiumwa anajitibu kwa mfuko.

Mlio kwenye ndoa na mnapanga: kipi kinalipwa kwanza, nani analipa nini, na hii bima ya vyombo ni kitu kweli au ni maneno ya ajenti?

#2 KaptenKibubu

Umetaja kila kitu na bei yake, ukafika kwenye king'amuzi na bando ukapita kimyakimya. Rudi hapo dada.

#3 Bi_Segerea

Bando la nyumba yetu ni siri ya taifa. Tuendelee na mada.

#4 FundiGongoLaMboto

Mimi nashika LUKU, mengine wataalamu watakuja.

Nyumba tatu mnatoa 60,000 kwa mwezi. Kwanza inakatwa kodi ya jengo 1,500, ndiyo maana manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakuja na uniti pungufu. Inabaki 58,500. Mita yenu lazima iko T1, daraja la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni 292 kabla ya makato. Weka VAT asilimia 18, REA (ya umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (ya mdhibiti wa nishati) asilimia 1, unafika kama 356 kwa uniti. Kwa hiyo mnapata kama uniti 164, sawa na 55 kwa kila familia.

Hapo ndipo penye maumivu. Matumizi ya uniti 55 kwa mwezi ni ya mtu mdogo kabisa. Kuna daraja la D1, wengi mtaani wanaliita tarifu 4, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Huko uniti ni 100, na makato yake inafika 122. Uniti 55 zako zingekuwa kama 6,700. Wewe unatoa 20,000 kwa sababu mita inaona nyumba tatu kama mtu mmoja anayetumia 164. Mita haijui kama mko familia tatu masikini, inajua kuna tajiri mmoja.

Na mume wako anauza vifaa vya umeme Buguruni, halafu mnagawana LUKU kwa kukadiria? Mwambie alete mita ndogo tatu, zile za kuhesabu tu, kila familia ifungiwe yake ndani. Bei ya uniti haitashuka, mtabaki T1, lakini mwenye friji na pasi atalipia friji na pasi zake. Kwa kifupi, friji la kawaida linakula kama uniti moja kwa siku, pasi ya wati 1,000 ukiinyoosha saa zima ni uniti moja, feni ya usiku mzima ni nusu uniti hivi. Ugomvi wa tarehe 25 unaishia hapo, kila mtu anaona namba yake.

#5 NipoKimara

Mbona mimi niko peke yangu kwenye mita na bado nakatwa 356?

#6 FundiGongoLaMboto

Kwa sababu mita yako iko T1, na kukaa peke yako hakuihamishi. Nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya yako na namba ya mita, omba kushushwa, wanaangalia historia ya matumizi. Ila jipime kwanza. Kwenye D1 ukivuka 75, uniti za juu yake zinahesabiwa 350 kabla ya makato, ghali kuliko T1. Kama una friji, pasi kila asubuhi na birika la umeme, usijidanganye.

#7 ShangaziMbagala

Mwanangu Segerea, mimi limenishtua moja tu. Umeajiriwa, unakatwa bima ya afya, na mumeo anajitibu kwa mfuko?

Kama kazini kwenu mko NHIF, ule mchango ni asilimia 6 ya mshahara, wewe 3 na mwajiri 3. Mchango huo haukuhudumii wewe peke yako. Anaingia mchangiaji, mwenza wake, na wategemezi wanne, yaani watoto na wazazi. Mumeo akiingia hukatwi hata shilingi ya ziada. Peleka kwa mtu wa rasilimali watu cheti cha ndoa, namba yake ya NIDA na picha, wajaze. Bima unayoihitaji kuliko zote umeshailipia, nusu yake mnaiacha huko huko mezani.

Na hilo la mtoto wa mwakani, fanyeni sasa hivi mambo ya kadi yakiwa shwari. Nimeona mabinti wanaanza kuhangaikia bima tumbo likiwa na miezi saba. Wanaolipia vifurushi vya hiari wanakutana na muda wa kusubiri, unalipa leo, huduma ya kujifungua inaanza baadaye. Wewe uko kwenye ajira, umeshavuka hapo. Ukiwa huko ofisini waulize pia kuhusu mafao ya uzazi ya NSSF, maana nayo yanaangalia umechangia miezi mingapi. Likizo ya uzazi unaijua, siku 84, mapacha 100. Baba anapewa 3, sijui wanadhani anakwenda kununua nini siku hizo tatu.

#8 SogeaTuishi

Shangazi, na sisi ambao hatuna cheti? Tuna miaka minne ndani ya nyumba moja, majirani wote wanatujua, mama mkwe anakuja anakaa mwezi. Kazini kwangu wamekataa kumwandika.

#9 ShangaziMbagala

Jina lako tu limejieleza baba.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema watu wakiishi pamoja miaka miwili na zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, inachukuliwa kuwa wameoana. Lakini hiyo ni dhana, inafanya kazi mahakamani mkishaanza kugombana au mmoja akishafariki. Dirishani pa bima wanataka karatasi. Majirani na mama mkwe hawaingii kwenye fomu.

Ndoa ya bomani haihitaji sare wala kamati ya sherehe. Mnatoa taarifa, tangazo linakaa siku 21, mnafunga kwa mkuu wa wilaya na mashahidi wenu, mnarudi nyumbani na cheti. Kadi ya bima peke yake inatosha kuwa sababu. Sherehe mtafanya mkipata.

#10 SogeaTuishi

Nimekusikia shangazi. Namtumia huu uzi sasa hivi kabla hajalala.

#11 MchaggaWaKariakoo

Narudi kwenye bima ya vyombo. Mume yuko sahihi, waachieni watu hela zao. Mimi nilikata hiyo bima kwa kampuni moja hapa mjini, sitaitaja. Mwizi akaingia saa nane mchana, akachukua TV na laptop. Binti wa kazi alikuwa anaanika nguo nyuma, mlango umeegeshwa. Nikaenda na ripoti ya polisi na risiti, nikaambiwa mkataba unalipa wizi wa kuvunja, na hapa hakuna kilichovunjwa. Yaani mwizi angekuwa na nyundo ningelipwa.

#12 WakalaDodoma

Nauza bima, naliweka wazi mapema ili kila mtu asome na chumvi yake.

Mkuu wa Kariakoo, pole. Hicho kipengele kipo kwenye mikataba mingi ya wizi: lazima kuwe na dalili ya kuingia kwa nguvu. Ndiyo maana mtu akikuuzia bima ya vyombo kwa dakika tano kwenye korido ya ofisi, bila kukupa mkataba uusome, mwambie akuachie karatasi, arudi wiki ijayo.

Kwa dada aliyeanzisha mada: ndiyo, mpangaji anaweza kukata. Kuna kitu wapangaji wengi hawakijui. Mwenye nyumba akiwa na bima ya jengo, ile inalipa kuta, paa na milango yake. Kitanda chako, friji lako, cherehani yako, havimo. Moto ukianzia chumba cha jirani, mama mwenye nyumba anajengewa, wewe unabaki na nguo za mwilini.

Mambo ya kuuliza kabla ya kutoa hela. Kwanza thamani. Andika kila kitu kwa bei ya kukinunua, jumlisha. Watu wanapenda kuandika pungufu ili ada ishuke, hapo ndipo wanapoumia. Tuseme vitu vyako vina thamani ya milioni 8, wewe ukakatia bima milioni 4. Moto ukiteketeza vya milioni 2, hutapewa 2. Umejikinga nusu, utalipwa nusu ya hasara, milioni 1, na kutoka hapo wanatoa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unasema unaibeba mwenyewe. Pili mafuriko. Dar mnayajua, 2011, 2018, 2024. Usichukulie kwamba neno moto limebeba na maji, tafuta lilipoandikwa. Tatu vitu vya umeme vikiungua kwa umeme kupanda na kushuka, mikataba mingi inavitoa nje. Hapo bima yako nzuri ni kifaa cha kulinda friji, na nadhani mumeo anakiuza.

Halafu hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na hela iende kwenye akaunti ya kampuni kwa kontrol namba, isipite kwenye simu ya mtu. Bima haianzi kufanya kazi mpaka ada iingie. "Nitamalizia mwisho wa mwezi" maana yake huna bima mpaka mwisho wa mwezi.

Na kama kampuni imekukatalia na unaona umeonewa, hukuishiwa njia pale dirishani. Unalalamika kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, wakikaza unakwenda TIRA, na kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo mlalamikaji halipii kitu.

#13 MchaggaWaKariakoo

Ya msuluhishi sikuijua. Ila bado nasema, mkataba wa kurasa kumi kwa maandishi ya sisimizi, tena kwa Kiingereza, unamuuzia nani? Mama ntilie anausoma?

#14 WakalaDodoma

Hapo sina ubishi na wewe. Omba nakala ya Kiswahili, na wakikosa mwambie ajenti akuandikie kwa mkono wake yale yasiyolipwa, aweke saini. Utaona nani anaondoka.

#15 MwanaMvita

Salamu kutoka Mombasa. Nimesoma hii ya kodi ya miezi sita nikashika kichwa. Huku kwetu ukiingia nyumba unatoa kodi ya mwezi na amana ya mwezi, kisha walipa kila mwezi. Hasara yake, mwenye nyumba akija kukagua siku ya kuhama, ile amana huiona kwa macho tu, mara rangi, mara kitasa.

Stima nasi twanunua tokeni, na wanaoshea mita twalia kilio hicho hicho. Bima ya afya tangu Oktoba 2024 ni SHA, mwajiriwa akatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, na mke na watoto wamo humo humo. Mwenye biashara yake, kama shemeji hapo Buguruni, atakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mara moja. Kwa hivyo nyinyi kilio chenu ni kodi, sisi kilio chetu ni bima. Mkupuo haukwepeki!

#16 Mhasibu_Mtaani

Nimesubiri watu wamalize umeme na bima ili tuongelee kitu ambacho ndicho kinawaua kweli: kodi ya miezi sita. Hata majibu yameanza na LUKU kwa sababu ndiyo inayouma kila wiki. Kodi inauma mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo inasahaulika miezi minne.

Hesabu ya nyumba yenye kipato kinachopanda na kushuka inapigwa kwa mwezi mbaya. Wastani achaneni nao. Mwezi mbaya wenu ni 680,000 na 300,000, jumla 980,000. Nyumba iendeshwe ndani ya hiyo. Toa kodi 250,000, iwe imelipwa au haijalipwa, ITOE. Inabaki 730,000. Umeme 20,000, taka na ulinzi 8,000, weka maji 15,000, gesi 30,000, king'amuzi na bando la siri ya taifa 50,000. Tumebaki na 607,000 ya chakula, nauli, wazazi na michango ya harusi. Inabana, lakini inawezekana. Kinachozidi hapo mwezi mzuri, kile cha laki nane, ndicho kinajenga akiba, mzigo wa duka na bima. Nyie inaelekea mwezi mzuri mnaishi kama wa laki nane, mwezi mbaya mnakopa kwenye simu.

Ile 250,000 isikae kwenye laini mnayotumia kila siku. Fungueni akaunti au laini ya pembeni, isiwe na huduma ya kukopa, na isiwe kwenye simu ya dukani. Dada, mshahara wako unaingia tarehe moja inayojulikana, kwa hiyo kodi itoke kwako siku hiyo hiyo, nzima. Mumeo abebe vile vya kila siku na vya kila wiki, chakula, LUKU, gesi, maji, kwa sababu hela yake nayo inaingia kila siku. Siku duka limelala mnakula dagaa, siku limechangamka mnakula kuku, lakini kodi haitikisiki.

#17 BabaSheria

Yaani mwanamke alipe kodi ya nyumba, mwanaume anunue nyanya? Mhasibu unavunja ndoa ya watu. Kodi ni ya mwanaume, hata kama ni mwanaume wa laki tatu.

#18 ShangaziMbagala

Kodi ni ya mwanaume mpaka mwenye nyumba akija kuifuata, hapo inakuwa "mama fulani huna hata ya kuanzia?" Tumeolewa zamani, tunawajua.

#19 Mhasibu_Mtaani

@BabaSheria, jumlisha chakula, umeme, gesi na maji ya mwezi uone nani anatoa nyingi. Nimegawa kwa tabia ya hela, jinsia ya mtu sikuiangalia. Mkataba wa nyumba uandikwe majina yao wote wawili, ukitaka heshima ya mume iwe kwenye karatasi.

Na hilo la majina mawili nalisisitiza. Mmoja akifariki au akisafiri, aliyebaki hana karatasi, anaanza upya na dalali, na dalali anakula kodi ya mwezi mmoja kwa kufungua geti tu.

#20 TumbatuBoy

Mimi na mke wangu tuliikataa bima kwa ajili ya dini, masuala ya riba na kubahatisha. Siku hizi kuna takaful, watu wanachangiana mfuko na kampuni inausimamia, nayo iko chini ya TIRA. Kama shemeji anakataa kwa sababu hiyo, amuulize sheikh wake. Kama anakataa kwa ubahili, takaful haitamsaidia.

#21 KaptenKibubu

Nilicheka bando, sasa niseme kitu cha maana. Vikoba na mchezo. Mke wangu yuko kwenye mchezo wa watu sita, aliomba zamu yake iangukie mwezi wa kodi, wakakubali. Tangu hapo mwenye nyumba anatuita "watoto wangu". Ila mchezo uwe wa watu unaowajua wanapokaa. Usiingie wa mtandaoni wenye kijumbe asiye na sura.

#22 VitziNyeusi

Nadandia uzi. Tuna gari dogo la milioni 12, mimi na mume tunagombania bima kubwa na ndogo.

#23 WakalaDodoma

Bima ndogo, ya mtu wa tatu, kwa gari binafsi ni 100,000, na VAT inafika 118,000. Inamlipa uliyemgonga. Gari lako likilala mtaroni ni shauri lako. Bima kubwa kwa kima cha chini ni asilimia 3.5 ya thamani, kwa milioni 12 ni 420,000, na VAT 495,600. Swali la kujiuliza ni moja: gari likipotea leo, mnaweza kununua jingine bila kukopa? Kama gari linaingiza hela au lina mkopo, nenda kubwa. Kama ni la kwenda kanisani Jumapili, ndogo inatosha, hasira zako utazitibu mwenyewe. Na ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA uone kama stika yako ipo kweli, stika za kwenye karatasi za kuchapisha zimewaponza wengi barabarani.

#24 Bi_Segerea

Jamani nimesoma yote, mengine kwa sauti ili mtu fulani asikie.

Kwanza NHIF. Mtu wa rasilimali watu kasema lete cheti Jumatatu. Kumbe fomu ipo tangu tulipofunga ndoa. Mume wangu kanyamaza, kisha akauliza kama meno yamo.

Mita ndogo amekubali kuleta tatu kwa bei ya kununulia. Mpangaji wa chumba cha mbele amegoma, na sote tunajua ndiye mwenye friji mbili za kuuzia barafu. Kodi tumekubaliana itoke kwangu tarehe ya mshahara. Ya majina mawili mama mwenye nyumba hana neno.

Bima ya vyombo bado tunabishana. Tumeandika vitu vyote, imefika milioni 5 na laki kadhaa, na yeye ndiye aliyeshtuka, hakujua tuna vitu vya hela hiyo. Anasema tusubiri mpaka akiba ya kodi ya miezi sita ikamilike, ndipo tuulize bei kwenye kampuni tatu. Nimeona ana hoja.

Ila limetokea jipya. Mama mwenye nyumba kasikia habari za D1, kasema kama tunataka tuvute mita yetu kabisa ya TANESCO, yeye hana kipingamizi, tulipie sisi. Fundi, tulipie?

#25 FundiGongoLaMboto

Kwa hela yenu bila makubaliano, hapana. Kuunganishwa umeme mjini, ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ni 320,960, na hapo bado hujamlipa fundi wa kutenganisha waya za ndani. Mkipata D1 mtaokoa kama 13,000 kwa mwezi. Gawanya, ni miaka miwili ndipo hela yenu irudi, na nyie ni wapangaji, mwakani mnaweza kuwa Chanika.

Mama akubali ikatwe kwenye kodi, hapo lipieni hata kesho. Mita itasajiliwa kwa jina lake na itabaki na nyumba yake, na nyumba yenye mita ya kila mpangaji anaipangisha kwa bei nzuri zaidi. Na hiyo 1,500 ya kodi ya jengo ikikatwa na kwenye mita yenu, kodi hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba, kwa mwaka ni 18,000. Tunza jumbe za LUKU kwenye simu, zinaonyesha makato, mziweke kwenye hesabu hiyo hiyo.

#26 Mhasibu_Mtaani

Na iandikwe kabla hamjalipa: kiasi gani, kinakatwa kwenye kodi ya miezi gani, saini zake na zenu wote wawili, na shahidi mmoja. Mjumbe anatosha.

#27 Bi_Segerea

Mjumbe ndiye mwenye friji za barafu.

#28 FundiGongoLaMboto

Basi shahidi awe mtoto wa mama mwenye nyumba. Na mita ndogo za Buguruni fungeni hizo mbili wiki hii, msimsubiri mjumbe. Mkishasoma za kwenu, jumla ya mita kubwa ukitoa za kwenu ni za kwake. Hahitaji kukubali.